Sura ya Tisa: Tovuti ya Kumi na Saba

Nukta hakuwa mtu wa kulia kazini. Kwa miaka mitano alikuwa amekalia ile meza ya kona, ghorofa ya tatu ya kampuni ya intaneti, na hakuna aliyewahi kumwona akifuta chozi, hata siku ile seva zilipozimika zote na mkurugenzi akawafokea watu wazima kama watoto wa chekechea. Ndiyo maana jirani yake wa meza alipomwona ameziba mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka, alidhani amejimwagia chai.

"Umeungua?"

Nukta akatikisa kichwa.

"Umefiwa?"

Hilo hakujua alijibu vipi.

Turudi nyuma kidogo, maana asubuhi ile ilianza vizuri tu. Saa tatu kasorobo mwanasheria wa kampuni, mama mmoja mwembamba asiyependa mchezo, alipanda ngazi na bahasha mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwa na amri ya mahakama na orodha ya tovuti ishirini na mbili zinazogawa nyimbo za watu bila ruhusa yao. Safari hii waliolalamika walikuwa wanamuziki wa zamani, kupitia chama chao. Kampuni zote za intaneti zilipewa mpaka saa sita mchana ziwe zimezifungia, zisifunguke kwa mteja yeyote.

"Saa sita ni saa sita," mwanasheria alisema. "Ikipita hata dakika, mimi na mkurugenzi ndio tutakaosimama mbele ya hakimu. Na unajua sheria ya humu ndani. Hakuna kumdokeza mwenye tovuti kabla hujaifungia, hata awe mjomba wako."

"Wajomba zangu simu zenyewe bado wanazibonyeza kwa kidole cha shahada, tena kwa woga," Nukta alijibu, na wote wawili wakacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Unaifungua tovuti, unasikiliza wimbo mmoja kuhakikisha ndiyo yenyewe iliyotajwa, unapiga picha ya ukurasa. Kisha unaifungia, unajaribu kuifungua tena, unapiga picha ya pili inayoonyesha tangazo la mahakama. Picha ya kabla na picha ya baada, zinabandikwa kwenye fomu, unatia sahihi. Nukta alipiga kumi na sita za kwanza bila hata kunywa maji. Nyingi zilikuwa uchafu mtupu, matangazo ya kamari yanakurukia usoni kabla hujapata unachokitafuta.

Ya kumi na saba ilimshangaza kwa jinsi ilivyokuwa safi. Haikuwa na tangazo hata moja. Nyimbo za zamani zilipangwa mwaka kwa mwaka, na chini ya kila wimbo yaliandikwa majina ya wapigaji wote, mpaka mpiga ngoma wa nyuma kabisa ambaye huwa hakumbukwi na mtu. Nukta aliguna kwa kuridhika. Huyu mwizi, alijisemea, ana mapenzi na muziki.

Wimbo wa juu kabisa haukuwa na jina. Uliandikwa tu: *Gitaa na sauti, jikoni.* Akavaa visikizio, akabonyeza.

Likaanza gitaa moja, la taratibu. Ikafuata sauti ya mwanamume anayeimba chinichini, kama mtu asiyetaka kuamsha majirani. Nukta akajikuta amekaa wima. Aliijua ile sauti. Kabla hajapata muda wa kukataa, katikati ya ubeti wa pili, sauti ya mtoto mdogo ikaingilia:

"Baba, maji yanachemka!"

Akavichomoa visikizio kama vimemng'ata. Yule mtoto alikuwa yeye mwenyewe, akiwa na miaka minne.

Kanda yenye wimbo ule ilikuwa moja tu duniani. Baba yake, Mzee Nyuzi, mpiga gitaa aliyewahi kujaza kumbi kabla vidole vya mkono wa kushoto havijamkauka, alikuwa ameirekodi jikoni kwao, akimwimbia mkewe. Mwaka huohuo mama akafariki. Mzee aliifungia kanda kwenye sanduku la chini ya kitanda, na kwa miaka ishirini na minne hakumruhusu mtu kuigusa. Nyimbo zake nyingine zilikuwa za watu wote. Huu ulikuwa wa mkewe peke yake.

Miezi miwili na nusu iliyopita, mzee akiwa kliniki kunyooshwa vidole, Nukta alinyoosha mkono wa udokozi. Aliitoa kanda sandukuni, akampa mtu mmoja tu: mchumba wake, Fundi, anayetengeneza redio na kusafisha sauti za kanda zilizochakaa. Walipanga kuupiga wimbo siku ya harusi, wamshtue mzee kwa furaha. Baada ya wiki Fundi aliirudisha kanda, na Nukta akaipachika mahali pake.

Alirudisha macho kwenye amri ya mahakama, akatafuta mstari wa kumi na saba. Mbele ya kila tovuti palikuwa na jina la mlalamikaji. Hapo yaliandikwa majina ya baba yake, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Hapo ndipo jirani alipomuuliza kama amefiwa.

"Nikufanyie hizo zilizobaki?" jirani aliuliza tena, safari hii kwa upole. "Nenda ukanawe uso."

"Nitafanya mwenyewe."

Alirudisha mikono kwenye kibodi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Angeweza kuiacha hiyo iwe ya mwisho. Angeweza kwenda chooni na simu, kumwambia Fundi maneno mawili tu, na kufikia saa sita tovuti ingekuwa imehamia kwenye jina jingine kabisa. Aliiwaza picha ya baba yake akitia sahihi ile karatasi kwa vidole vilivyokauka. Akapiga moyo konde, akaandika amri ya kuifungia, akabonyeza.

Alipojaribu kuifungua tena, zile nyimbo zote hazikuwepo. Palikuwa na ukurasa mweupe na mstari mmoja: *Tovuti hii imefungiwa kwa amri ya mahakama.* Akapiga picha ya baada.

Dakika tano hazikupita, simu ikaita. Fundi.

"Nukta wangu," sauti ilikuwa ileile, ya joto, ya mtu aliyeamka akicheka. "Umeshaanza kunikumbuka au bado?"

"Niko kazini."

"Najua. Hivi leo mtandao wenu una shida? Kuna ukurasa unanigomea hapa."

Nukta akafumba macho. "Ukurasa gani?"

Fundi akakohoa kidogo.

"Aa, mambo ya kazi. Mchoro wa redio fulani."

"Mchoro wa redio."

"Ndiyo. Kwani vipi? Mbona sauti yako iko mbali?"

Nukta alikuwa amempa mlango wazi wa kukiri, naye akaupita bila hata kuutazama. Hilo lilimuuma kuliko kanda yenyewe.

"Saa saba nakuja hapo kwako," Nukta alisema, akakata.

Saa tano na nusu alimkabidhi mwanasheria fomu. Yule mama alipitia picha moja moja, akafika chini, kwenye nafasi ya maelezo, akasoma kwa sauti: "Mwenye tovuti namba kumi na saba ninamfahamu." Akanyanyua uso. "Unamfahamuje?"

"Tunaoana mwezi ujao."

Mwanasheria akavua miwani. Akaivaa. Akaivua tena.

"Ulimdokeza?"

"Hapana."

"Na umeifungia kwa mkono wako mwenyewe?"

"Kwa mkono huuhuu."

Yule mama asiyependa mchezo akairudisha fomu ndani ya bahasha. Mwishowe alimshika Nukta begani, akamwambia achukue mapumziko ya siku nzima, mambo ya karatasi angeyamaliza yeye.

*

Kibanda cha Fundi kilikuwa kati ya duka la vifaa vya shule na mshona viatu. Ndani kulijaa redio zilizofunguliwa matumbo, na ukutani alikuwa amebandika picha ya Nukta akicheka, kona imeungua kidogo kwa chuma cha kulehemu. Alipomwona mlangoni aliinuka haraka mpaka akaangusha kiti.

"Karibu, malkia. Nimekuwekea—"

"Tovuti ni yako?"

Tabasamu likamfia usoni. Alikuwa na macho mazuri, Fundi, yasiyojua kuficha kitu, na Nukta alijilaumu kwamba muda wote alikuwa akiyatazama bila kuyasoma.

"Nani amekwambia?"

"Nimejisikia mwenyewe. Nina miaka minne, naongelea maji."

Fundi akashika ukingo wa meza. "Nukta..."

"Ni yako au siyo yako?"

"Ni yangu. Miaka sita sasa. Nilikuwa nikwambie."

"Lini? Tukishapata mjukuu?"

"Baada ya harusi. Naapa. Niliogopa. Wewe kazi yako ni kuzifunga, mimi kazi yangu... Kila ulipokuwa ukinisimulia orodha za mahakama, moyo ulikuwa unaniruka. Lakini nisikilize. Zile nyimbo zilikuwa zinaoza! Watu wananiletea kanda zimeota ukungu, vituo vya redio vyenyewe havina nakala. Nikasema zikifa, zimekufa milele."

"Uliwauliza wenyewe?"

"Wengine hawajulikani walipo."

"Baba yangu hajulikani alipo? Si umekula kwake kila Jumapili!"

Mshona viatu wa jirani aliacha kugonga nyundo. Fundi akashusha sauti.

"Ule wa jikoni sikuupandisha mimi. Sikiliza kwanza. Mashine hii, kila ninachokiweka kwenye folda ya kazi zilizokwisha, alfajiri inakipandisha yenyewe. Nilipomaliza kuusafisha ule wimbo nikauweka humo kwa mazoea. Nilikuwa nimechoka, Nukta, nilikuwa nalia hata mimi. Nilikuja kushtuka siku ya pili."

"Ukautoa."

Fundi akainamia meza, akaanza kupanga skrubu.

"Fundi. Siku ya pili ulishtuka, ukautoa. Si ndiyo?"

"Watu elfu tatu walikuwa wameshausikiliza," alisema taratibu. "Walikuwa wanaandika. Mmoja aliandika kwamba hajaongea na mkewe mwaka mzima, na baada ya wimbo ule akaenda kumgongea. Nikasema niuache siku moja zaidi. Kisha moja zaidi. Ningeweza kuutoa. Sikuutoa."

Nukta alimwangalia kana kwamba amefunguliwa mlango na mtu mwingine kabisa. Kisha jambo jingine likamjia, akakaa juu ya spika.

"Siku ya pili ilikuwa lini?"

"Jumamosi. Siku chache baada ya kukurudishia kanda."

Jumapili iliyofuata, Shangazi alikuja kumtembelea mzee. Nukta alikuwa jikoni. Alisikia simu ya Shangazi ikilia sebuleni, muziki wa gitaa, kidogo tu, halafu kishindo, halafu sauti ya baba yake ambayo hakuwahi kuisikia maishani: "Toka! Toka nyumbani kwangu!" Alipokimbilia sebuleni alimkuta Shangazi ameshika kanga yake mlangoni, anasema, "Kaka, nisikilize, sikiliza mpaka mwisho." Mzee akambamizia mlango. Alipoulizwa, alijibu tu kwamba dada yake ni mwizi, ametia mkono kwenye sanduku lake, na jina lake lisitajwe tena mle ndani. Kanda ilikuwa imesharudi mahali pake, kwa hiyo Nukta alidhani wanagombania pesa au hati. Shangazi ndiye aliyemlea Nukta tangu mama afariki. Ndiye peke yake aliyejua ufunguo wa sanduku unafichwa wapi, na ndiye aliyemwonyesha Nukta.

"Miezi miwili," Nukta alisema. "Miezi miwili Shangazi anaitwa mwizi. Hatujui anashinda vipi. Na mwizi ni mimi."

"Mwizi ni mimi," Fundi alisema. Alipiga magoti mbele yake, pale chini penye vipande vya nyaya. "Nukta, usiende hivyo. Kuna kitu kwenye ule wimbo. Ulisikiliza mpaka mwisho?"

"Sitaki kuusikia!"

"Dakika moja tu. Nilikuwa nimekuwekea siku ya—"

"Nimesema sitaki! Kila mtu ananiambia nisikilize. Mimi ndiye ninayetakiwa kusema sasa."

Akaivua pete. Ilikwama kwenye kifundo kama kawaida yake, na Fundi, kwa mazoea ya kijinga, akanyoosha mkono amsaidie, kisha akaurudisha. Nukta aliiweka kwenye kisahani cha skrubu. Ililia kidogo ilipogonga bati.

"Naenda kwa baba."

"Nakuja na wewe."

"Usije."

"Nitakuja," Fundi alisema, naye alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Hata nikibaki nje ya geti. Lakini hili hutalibeba peke yako."

*

Mzee Nyuzi alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake cha mbao, anaminya mpira wa mazoezi kwa mkono wa kushoto. Aliona uso wa binti yake, akaacha.

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, Baba." Nukta alikaa kwenye kochi. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima, na sasa yote yamemtoroka. "Baba, Shangazi hakugusa kanda."

Mpira ukaanguka, ukabingirika mpaka chini ya meza.

"Niliitoa mimi. Nilitaka isafishwe, tukupigie siku ya harusi. Nikampa Fundi. Tovuti uliyoishtaki ni yake. Nimeifunga leo mimi mwenyewe."

Mzee hakuinama kuuokota. Alimtazama binti yake, akamtazama Fundi aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akarudi kwa binti yake. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla na hajui yuko chumba gani.

"Niliikuta imerudishwa mwanzo," alisema mwishowe. "Mimi huiacha mwisho. Nikajua imeguswa. Nikasema ni dada yangu, nani mwingine?" Sauti ikampasuka. "Nimemfukuza dada yangu kama mbwa."

"Nisamehe, Baba."

"Na wewe," alimwambia Fundi. "Wimbo wa mke wangu umewapa watu wangapi?"

"Elfu arobaini na moja, Mzee."

Mzee akashika kifua. Nukta aliruka, lakini alimzuia kwa mkono.

"Nipeleke polisi, Mzee, sikatai," Fundi alisema. "Nitakwenda mwenyewe. Ila kuna deni moja ninalo kwenu wawili, nalo nililificha vibaya kuliko yote. Ile kanda ilikuwa na mvumo mzito. Ulipoondoka, nyuma yake kulikuwa na kitu. Tafadhali sikilizeni mpaka mwisho. Baada ya hapo mnifanye mnavyotaka."

Hakungoja aruhusiwe. Aliweka simu mezani, akabonyeza, akarudi mlangoni.

Gitaa likaanza. Vidole vya mzee, vile vilivyokauka, vikajaribu kujikunja juu ya goti vikifuata nyuzi. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukafika katikati.

"Baba, maji yanachemka!"

Mzee alinyoosha mkono azime.

"Bado, Mzee," Fundi alinong'ona.

Gitaa liliendelea, noti mbili, tatu. Kisha, karibu kabisa, kama aliyesimama nyuma ya kochi, mwanamke akacheka.

"Mwache baba yako amalize, Nukta. Maji yatasubiri."

Katika nyumba ile kulikuwa na picha tatu za mama, na gauni moja, na kitana. Sauti haikuwepo popote. Nukta alikuwa amekua akijilazimisha kuikumbuka, na kila mwaka ikimkimbia zaidi, mpaka akaacha kujaribu. Sasa ilikuwa imemwita jina lake.

"Rudia," mzee alisema.

Fundi akarudia.

"Rudia."

Walisikiliza mara tano. Mara ya tano mzee alicheka pamoja na ile sauti, machozi yakimwingia mdomoni. Fundi akaichukua simu yake polepole, akavaa kofia, akageuka aondoke. Nukta aliutazama mgongo wake, na kidole kisicho na pete kikamwasha.

"Wewe, unakwenda wapi?" mzee aliuliza.

"Nilisema baada ya hapo—"

"Kaa chini. Sijakusamehe. Kaa tu."

Fundi hakujua akae wapi. Nukta hakumtazama. Alisogea kidogo kwenye kochi, nafasi ya mtu mmoja.

"Dada yangu alikuwa ananiambia," mzee alisema, akiongea na mpira wake chini ya meza. "Pale mlangoni. Alikuwa ameisikia sauti hii. Alikuja kunipa habari njema, na mimi sikumwacha amalize sentensi." Akajifuta uso kwa mkono wote. "Nukta. Mpigie shangazi yako."

Simu iliita mara mbili tu, ikapokelewa. Nukta aliifikisha sikioni kwa baba yake, lakini mzee alitikisa kichwa, akamrudishia.

"Mwambie," alisema kwa shida. "Mwambie nimesikiliza mpaka mwisho."